Fenda Inanyooka

Vijana mnaoshika nyundo za kunyooshea bodi, nijibuni swali moja kabla hamjapiga bati la mtu: gari likiletwa gereji limebonyea mbele, ubavuni na nyuma, mnaanza kunyoosha wapi?

Najua jibu lenu. Mnaanza pale palipobonyea sana, kwa sababu ndipo mwenye gari anapopatazama huku midomo inamtetemeka. Nami nilijibu hivyohivyo nilipokuwa na umri wenu na nywele zangu zote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, cheti mama alikitundika ukutani, nami kila nikipita nilitazama upande mwingine. Nikapelekwa kwa Fundi Kasiani hapa Mbinga mjini nijifunze kazi. Mwezi haujaisha, likaletwa gari la padre. Lilikuwa limegonga kisiki, likayumba, likajipigiza ubavu kwenye ukuta. Fundi Kasiani alikuwa msibani. Nikajiambia, Bosko, leo ndiyo leo.

Mbele palikuwa pamekunjika kama chapati iliyolaliwa, basi nikaanza huko na kuja nyuma. Mlangoni nikapiga, nikapaka puti, nikasugua msasa mpaka nikajiona usoni. Padre akaingia, akaufunga, ukalia vizuri kabisa, akanibariki, akaondoka. Tatizo ni kwamba mlango ule haukufunguka tena. Padre alifika kigangoni akatokea dirishani, kanzu ikitangulia na miguu ikifuata, waumini wamesimama kwa heshima wakidhani ni utaratibu mpya.

Fundi Kasiani aliporudi hakunipiga. Alinifungia ndani ya lile gari mpaka saa ya chakula, halafu akaniambia kupitia kioo: "Gari linapokea mapigo kwa zamu. Kisiki kwanza, ukuta baadaye. Pigo la mwisho ndilo limelala juu. Ukianza na la kwanza, unalifungia chini ya la mwisho. Anza mwisho, rudi nyuma polepole mpaka ufike lilipoanzia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, fundi."

"Basi toka."

"Mlango haufunguki, fundi."

"Ndiyo maana nakwambia."

Kwa kanuni hiyo nimekula ugali miaka yote ya kazi yangu. Nimenyoosha magari ya kahawa, ya mahindi, ya dagaa kutoka ziwani, ya harusi yaliyofika na maua bado yamefungwa kwenye boneti. Na kila mwenye gari aliposimama pale uani akitaka kunisimulia ajali yake, nilimkatiza: "Mzee, gari ni bati tu. Njoo Jumamosi." Jumamosi yenyewe sikuitaja ni ya lini. Kijana, usicheke, na wewe utaisema.

Sasa nikiri jambo. Miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa nyumbani. Gereji yangu iko nyuma ya jiko letu, na kutoka kitandani hadi kwenye nyundo ni hatua kumi na moja, kumi na mbili kama mbwa amelala njiani. Mke wangu, Mama Konso, aliniita konokono. Kuendesha niliendesha kutoka uani mpaka barabarani na kurudi, gia ya kwanza na ya pili. Gia ya tatu nilikuwa naisikia kwa watu.

Ndipo binti yetu Konsolata, aliyeolewa Mbamba Bay, akajifungua mtoto wa kike na kutuita ubatizo. Mtoto angepewa jina la mke wangu, Paskalia. Mimi nilikuwa na kigari nilichokiunganisha mwenyewe kutoka kwenye magari matatu yaliyokufa, boneti jekundu, milango myeupe, buti rangi ambayo hata mimi sikuijua. Mama Konso akasema twende kwa basi. Nikasema fundi mzima nipande basi? Dada yangu Filotea, mjane anayeishi nasi, akasema yeye atakaa nyuma na kuku.

Aprili hiyo, asubuhi, tukaondoka. Kuku walikuwa watano. Dakika arobaini baadaye, kwenye kona za kuteremka, pikipiki iliyobeba magunia mawili ikaja upande wetu wa barabara. Mlio mmoja wa bati, gari likavuka barabara, likashuka pembeni taratibu sana, kama mzee anayekwenda kulala, likalalia ubavu wa upande wangu.

Tulikuwa tumeangukia shamba la ngolo, yale mashimo ya mraba tunayochimba milimani ili mvua isiondoke na udongo. Mababu walikuwa wanazuia udongo, siku ile mashimo yakatuzuia na sisi. Bila mashimo yale tungebiringika mpaka kwenye mto.

Kuku mmoja akakohoa. Mama Konso alikuwa ameniangukia mzima mzima, uso wake kwenye sikio langu. Kutoka nyuma, chini ya kuku, Filotea akauliza kwa adabu: "Tumefika?"

Mimi nilikuwa natazama, kupitia kioo kilichopasuka, lile bati la juu ya gurudumu la mbele lilivyobonyea, na maneno yaliyonitoka, Mungu anisamehe, yalikuwa haya: "Fenda inanyooka."

Tulipotolewa kupitia dirishani nikamkumbuka padre, kisha tukamkuta mwenye shamba amesimama na jembe. Bibi mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Ni mimi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umevunja mashimo yangu manne, na maharage yamelala. Shika jembe."

"Bibi, tumepata ajali."

"Nimeona. Na shamba langu limepata nyie. Pole nitakupa mashimo yakisimama."

Mnaweza msiamini, lakini nililipokea. Damu inanitoka puani, mkono wa kushoto umevimba kama muhogo, nikachimba. Yeye akisimama juu yangu: "Mwanamume anakata nyasi na kuzilaza, mwanamke anafukia. Wewe leo utafanya yote." Nikakata, nikalaza, nikafukia, nikainua kingo. Vijana wa bodaboda wakaliinua gari kwa gogo huku wanaimba. Wala sikugeuka. Ningekatazwa kuchimba, nadhani ningelia mbele ya watu. Bibi akakagua, akasema shimo la tatu limepinda, pole haikutoka.

Hospitali walitupima, wakatuambia hakuna kilichovunjika. Daktari akasema, "Mna mshtuko tu. Utapita." Hakusema unapita lini, wala ukipita unabeba nini.

Nawasimulieni ulivyokuwa kwetu, ili ukiingia kwenu muukaribishe kwa jina.

Kwa Filotea uliingia kwenye salamu. Akawa anamwamkia kila kiumbe. Bibi wa miaka sitini na nane anainama mbele ya mtoto wa chekechea, "Shikamoo!" Watoto wa mtaani wakaanza kupita kwetu makusudi, na mmoja akaitikia "Marahaba, mwanangu," mama yake akamfukuza na mwiko mpaka sokoni. Filotea aliamkia mbuzi. Aliamkia mlango. Nilipomuuliza, akasema, "Kaka, sijui nani alituokoa siku ile. Sitaki kumpita bila salamu."

Kwa Mama Konso uliingia mguuni. Mtu akileta chai haraka, yeye anakanyaga breki pale sakafuni. Mtoto akikimbia, breki. Kanisani, msomaji akienda mbio kwenye somo, unasikia kiatu: pwa! Na gari hakupanda tena. Lile letu lilivutwa likawekwa uani, naye akawa anaenda jikoni kwa kuzunguka nyumba nzima asilipite, sufuria kichwani, mvua inanyesha.

Na mimi? Mimi nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa tu siwezi kupiga nyundo. Nilisema ni mkono wa kushoto, ule unaoshika kipande cha chuma upande wa pili wa bati wakati wa kulia unapiga. Kila asubuhi nilitembea hatua zangu kumi na moja, nikapanga vifaa, nikavifuta vumbi, nikarudi kunywa uji. Wateja nikawaambia Jumamosi. Jioni nikikaa kwenye kigoda nilijikuta napapasa begani, natafuta mkanda wa kufunga.

Halafu wakaja watu wa pole. Mnajua kwetu pole haisemwi kwa simu. Watu wanakuja, na kilo ya sukari, na maharage, na wanakaa, na wanataka kusikia. Mama Konso akawa anasimulia kuanzia mwanzo, tangu kufunga safari mpaka kona. Gari lililolala ubavu mara moja, kufikia Jumapili lilikuwa limepinduka mara tatu, na kufikia kwa akina mama wa jumuiya kuku mmoja alikuwa amepaa. Mwisho ulikuwa uleule: "Basi mimi nimemwangukia mume wangu, sijui kama nimekufa, nangoja aniite jina langu. Ananiambia nini? Fenda inanyooka!" Watu wanacheka wanashika mbavu. Yeye hacheki. Nami natazama sukari.

Na kila mara alifunua ukosi wa gauni kuonyesha alama nyeusi iliyomkata kifuani kwa mlalo. "Mkanda ndio ulioniokoa," anasema. "Nilifunga mwenyewe, nikasikia ka!" Akina mama wanashangilia, "Mkanda oyee!"

Vijana, upande ule hapakuwa na mkanda. Nilikuwa nimeung'oa tangu mwaka uliotangulia ili niweke mwingine. Nilimwambia nitaufunga Jumamosi. Mimi peke yangu niliyajua hayo, nikanyamaza kama gogo, hata daktari alipouliza nilisema, "Ndiyo, alifunga." Alama ilitoka wapi sikujua, na nilikuwa naogopa kujua.

Konsolata akasogeza ubatizo, akasogeza tena. Mwezi wa sita akapiga simu. "Baba, padre amesema Jumapili ya mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo hasubiri. Mtoto ataota meno hana jina. Mama anakuja au haji?"

Nikampa Mama Konso simu. "Nakuja, mwanangu," akasema. "Kwa miguu. Nikianza Jumatatu nitafika."

"Mama, na magoti yako?"

"Yatanifuata."

Akakata, akaenda jikoni kwa kuzunguka nyumba. Nikajua hatakwenda. Mjukuu atabatizwa jina la bibi ambaye hajamshika. Na watu wataendelea kunywa chai kwangu wakisikia nilivyoipenda fenda.

Kesho yake nikaenda kwenye lile gari. Sikuwa na mpango, nilikuwa na aibu, na aibu nayo huinua nyundo. Nikatafuta pigo la mwisho: mkwaruzo na bonyeo juu ya paa, pale gogo la bodaboda lilipobana. Nikashika chuma kwa mkono wa kushoto, kikaanguka. Nikashika tena, kikaangukia kidole. Nikapiga bila chuma, bati likalia kama debe la mwizi.

"Baba Konso!" Sauti ya Mama Konso kutoka jikoni. "Unapiga au unafukuza ngedere?"

"Sina wa kunishikia chuma."

"Muombe fenda akushikie."

Nikapiga tena, vibaya zaidi, naapa haikuwa makusudi mara ya kwanza. Mara ya tatu akaja, kwa njia ya mbali, akasimama upande wa pili wa paa, uso ameugeuzia ukutani. "Lete hicho chuma. Masikio yangu hayajapata ajali."

Akashika. Nikapiga. Bati likaanza kurudi.

"Hili lilitokana na nini?" akauliza, bado anatazama ukuta.

"Gogo. Walipokuwa wanaliinua."

"Wakati huo mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia, mtu ananipa maji. Wewe unachimba mashimo kama mwizi aliyefungwa."

Hapo, vijana, nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia mbele ya watu wa pole hata siku moja: alianza kusimulia kutoka mwisho. Sikumwambia kitu. Nikasogea kwenye bonyeo lililofuata.

Siku ile tulimaliza paa. Siku ya pili, nguzo ya mlango, na ugomvi: yeye alisema ilikunjwa na vijana walipotutoa, mimi nilisema na bega la Filotea. Tukamwita Filotea, akaiamkia ile nguzo, akasema ni bega. Siku ya tatu, ubavu mzima uliolalia ngolo, na ndani ya mkunjo tukakuta jani la harage limekauka. Hapo alikuwa ameshaacha kutazama ukuta. Siku ya nne tukafika kwenye fenda. Pigo la kwanza, kwa hiyo la mwisho kutoka. Gunia la ile pikipiki lilikuwa limeipangusa.

Nikashusha nyundo. Nikaona haya kuipiga mbele yake.

"Piga," akasema. "Si inanyooka?"

Nikapiga. Ikanyooka, kwa kweli, vizuri mno. Akaitoa mikono yake, akajifuta kwa kanga.

"Na kabla ya fenda?" nikauliza.

"Kabla ya fenda nilikuwa nakwenda kwenye kioo. Nilikiona kinakuja. Halafu mkanda ukanibana hapa, ukanirudisha kitini."

Ningeweza kunyamaza. Lakini ukianza kurudi nyuma huwezi kuruka bonyeo moja, mlango hautafunguka.

"Mama Konso, hakukuwa na mkanda."

"Usinitanie."

"Niliung'oa. Nilisema Jumamosi."

Akanitazama mpaka nikatamani bibi wa ngolo anipe jembe. Halafu akafungua mlango, akaingia, akakaa kwenye kile kiti, akapeleka mkono begani kuutafuta. Akapapasa. Akapapasa tena. Tundu mbili za boliti na kutu.

"Nilisikia ka!"

"Labda kuku."

"Kaa hapo," akasema, akionyesha kiti cha dereva. "Shika usukani. Sasa fanya ulivyofanya. Tunateremka. Kona hiyo. PIKIPIKI!"

Vijana, sikuamua chochote. Mkono wangu wa kushoto uliruka wenyewe kutoka kwenye usukani, ukampiga kifuani kwa mlalo, ukambana kitini. Pale pale penye alama. Wa kulia ukabaki peke yake, ukavuta usukani kwenda kulia, kama siku ile.

Tukautazama ule mkono. Hata mimi niliutazama kama wa jirani.

"Kumbe ni wewe," akasema kwa sauti ndogo.

"Inaelekea."

"Uliachia usukani."

"Inaelekea hivyo."

"Ndiyo maana tukapinduka!" Akaupiga mkono wangu, pa! "Mjinga wewe! Pikipiki ilikuwa imeshapita! Ungeshika usukani tungefika, tungekula ubwabwa!" Akaupiga tena, akacheka, akalia, vyote kwa pamoja, huku mguu unakanyaga breki, breki, breki. Sikuutoa mkono. Aliushikilia yeye, nafikiri hakujua.

Filotea akachungulia dirishani, akatuamkia.

Basi nikafunga mikanda. Viti vyote, hata cha kuku. Ilikuwa Jumatano, watu wa mtaa wakashangaa. Jumapili ile ya mwisho wa mwezi tukatoka alfajiri, gia ya pili. Nilimfungulia Mama Konso mlango wa mbele, akaupita. Akafungua wa nyuma, akakaa nyuma yangu kabisa.

"Huku," akasema, "mkono wako haunifikii. Shika usukani. Yote miwili."

Njia nzima nilikuwa nahisi mguu wake unakanyaga breki kwenye mgongo wa kiti changu, na sikuwahi kuendesha vizuri namna ile. Kwenye shamba la ngolo tulisimama. Yule bibi alikuwa anang'oa maharage. Akatukagua mmoja mmoja, akageuka, akaonyesha mashimo yangu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Kingo zilikuwa zimesimama, hata la tatu lililopinda.

"Yamezaa," akasema. "Haya. Sasa poleni sana." Akatujazia maharage kwenye kanga, akamuuliza Filotea kwa nini anamwamkia mtu wa rika lake.

Mimi sitawaambia mshtuko unanyooshwaje. Najua bati. Lakini mtu akisimama gereji kwako akitaka kusimulia ajali yake, usimwambie gari ni bati tu. Mpe chuma ashike, umuulize la mwisho lilikuwa lipi.

Tulipoliona ziwa, nilikuwa nimelowa jasho kama niliyelivuka kwa kuogelea. Konsolata alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mikononi mwake kavaa nyeupe. Nikasimamisha gari, nikazima. Kuku wakanyamaza.

"Tumefika?" akauliza Filotea.

"Tumefika, wifi," akajibu Mama Konso, akafungua mlango, akashuka, akapokea mjukuu wake.

Mimi nilibaki ndani. Vidole vyangu kumi vilikuwa vimekataa kutoka kwenye usukani, nikivibembeleza havisikii. Akarudi na mtoto, akainama dirishani.

"Bosko," akaniita, kwa jina langu, "sasa achia."